Kuhani Ambaye Baba Yake Hakuandikwa

Mwezi uliopita nilimzika Wanyonyi nyumbani kwake, nje kidogo ya Kitale, na mimi ndiye niliyehubiri. Binti yake mkubwa alinipigia simu mwenyewe. Aliniambia, "Pasta, baba alikutaja kila mara. Alisema mlisoma pamoja, mkalala chumba kimoja." Nikasema ni kweli. Nikaenda, nikavaa joho langu la zamani ambalo siku hizi linanipwaya mabegani, nikasimama mbele ya watu wengi kuliko nilivyotarajia, nikawaambia kwamba marehemu alikuwa rafiki yangu wa ujana, mtu mkweli, mwenye akili, aliyelea watoto saba kwa jembe na kufundisha shule ya Jumapili mpaka macho yakamwishia. Watu waliitikia. Mjane alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula kwa siku mbili, na wajukuu wangu wakadhani ni uchovu wa safari. Nimepita miaka themanini sasa, na ninalotaka kuandika hapa sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu, Mungu amrehemu, ambaye aliishi nami maisha yake yote akiamini kwamba ameolewa na mtu mwema.

Yote yalitokea katika mwaka mmoja, miaka michache baada ya Vita Kuu vya Pili, wakati vijana waliokwenda Burma walikuwa wamesharudi na bado wakitembea na makoti yao ya jeshi kwenye jua kali. Misheni yetu ilikuwa na darasa dogo la wainjilisti, mwendo wa saa moja hivi kutoka stesheni ya Bungoma ukielekea upande wa Kibabii. Tulikuwa wanafunzi tisa. Darasa lilikuwa chumba cha udongo chenye madirisha mawili yasiyo na vioo, na mvua ikinyesha tulihamisha madawati katikati tukakaa tumebanana kama kuku. Tulilala watatu watatu. Chumbani kwangu tulikuwa mimi, Wanyonyi, na kijana mmoja mpole wa Malakisi kama mimi, ambaye aliugua kifua mwezi wa pili akarudishwa kwao, kwa hiyo mwaka ule karibu wote tulibaki wawili. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi usio na sukari. Mchana viazi vitamu. Jioni ugali na kunde, na Jumapili, kama Mama Rute, mke wa mwalimu, ameamka vizuri, samaki mkavu mmoja aliyegawanywa hata mifupa yake ikahesabiwa. Sikumbuki kama tuliona shida. Nakumbuka tulicheka sana. Nilipopata malaria mwezi wa nne, Wanyonyi ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka dispensari, na njiani akaniimbia nyimbo za tohara ambazo mwinjilisti hatakiwi kuziimba.

Mwalimu wetu aliitwa Zakayo. Alikuwa mtu mfupi, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi mweusi. Kwa miaka mingi alimsaidia mzungu mmoja wa misheni kutafsiri Maandiko, na mzungu yule alipozeeka akarudi kwao alimwachia sanduku la bati lililojaa vitabu. Sanduku lilikaa chini ya meza sebuleni kwa Mwalimu, limefunikwa kitambaa alichofuma Mama Rute, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Mwalimu ndani ya shati. Ndani ya sanduku mlikuwa na vitabu ambavyo hata wazungu waliobaki misheni, nadhani, hawakuvisoma: habari za marabi wa kale, na wazee wa kwanza wa Kanisa na ugomvi wao. Mwalimu alivisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kisha anakuja darasani kutueleza kama mtu aliyetoka kuwasikiliza jirani zake wakibishana.

Somo ninalolikumbuka kuliko yote lilichukua wiki mbili nzima, na lilimhusu Melkizedeki. Asiyemjua nitamweleza kwa kifupi. Katika kitabu cha kwanza cha Musa, Ibrahimu anarudi kutoka vitani, na ghafla anatokea mtu, mfalme wa Salemu na kuhani wa Mungu aliye juu, analeta mkate na divai, anambariki, anapewa sehemu ya kumi ya nyara, kisha anatoweka. Hatuambiwi alizaliwa wapi wala alikufa lini. Zaburi moja inamtaja kwa mstari mmoja. Halafu, baada ya miaka mingi sana, waraka kwa Waebrania unamrudia na kusema kwamba kwa kuwa baba yake hakuandikwa, wala mama, wala ukoo, basi amefananishwa na Mwana wa Mungu, na ukuhani wake ni mkubwa kuliko ule wa kabila la Lawi wanaorithishana. "Sasa," Mwalimu alisema, akivua miwani, "watu walifanya nini na mtu huyu?" Akaanza kutuhesabia. Marabi walisema huyu si mgeni, ni Shemu mwana wa Nuhu, maana ukijumlisha miaka ya Shemu utaona alikuwa bado hai siku za Ibrahimu. Tena wakaongeza kwamba ukuhani alinyang'anywa, kwa sababu alimbariki Ibrahimu kwanza ndipo akambariki Mungu. Myahudi mmoja msomi wa Misri alisema ni mfano wa akili safi ndani ya mtu. Wakristo wengine walisema ule mkate na divai ni Meza ya Bwana, imeandaliwa kabla ya wakati wake. Wengine wakapita mpaka, wakasema ni nguvu ya mbinguni iliyo kubwa kuliko Kristo mwenyewe, wakafukuzwa. Wengine wakasema ni Roho Mtakatifu. Kuna hadithi ya kale inayosema alitoka tumboni mwa mama aliyekwisha kufa, akakaa kando ya maiti amevaa tayari, alama ya ukuhani iko kifuani. Wengine wakamtafutia tu majina ya baba na mama wakayaandika, mambo yakaisha.

"Na wako," Mwalimu alisema, na sauti yake ikashuka kidogo, "waliosema kwamba baba yake hakuandikwa kwa sababu mama yake alikuwa kahaba. Mwandishi mmoja Mkristo anadai Wayahudi walisema hivyo. Mimi sijui kama kweli walisema, au yeye aliwasingizia."

Wanyonyi aliinua mkono. Alikuwa na tabia ya kuuliza akiwa ameinamia daftari, kana kwamba swali linatoka kwenye karatasi. "Mwalimu, kwa nini hawakumwacha tu alivyo?"

Mwalimu alimtazama kwa muda. "Wanadamu hawawezi," alisema. "Wape mtu asiye na baba, watamtafutia. Akiwapendeza watamtafutia mbinguni. Asipowapendeza watamtafutia matopeni. Lakini yule wa waraka, peke yake, alisema: hakuandikwa, na hiyo ndiyo heshima yake."

Niliona Wanyonyi akiandika maneno yale, na kalamu yake ikirudia mstari chini yake mara mbili tatu. Sikuelewa. Kwetu sisi Wabukusu, mtu ukikutana naye njiani swali la kwanza ni ukoo wake, na mimi ukoo wangu nilikuwa nao tangu sijajua kutembea. Sikuwahi kujiuliza mtu asiye nao anajibu nini.

Mwezi wa nane tulipewa mapumziko, na Wanyonyi akanialika kwao. Mama yake alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale, shamba la mahindi lisilo na mwisho, na nyumba za wafanyakazi zimepangwa upande wa chini karibu na mto. Tulitembea siku nzima, tukalala Kimilili kwa Mkristo mmoja, kesho yake tukapata lori la magunia. Nekesa, mama yake, alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti nzito, anayecheka bila kufungua mdomo. Nikamwita mayi, kama tunavyowaita mama zetu, naye akafurahi mno. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na jiko nje, sakafu imepakwa kinyesi cha ng'ombe vizuri mpaka inang'aa, na ukutani amebandika picha za gazeti za mfalme wa Uingereza kuzuia upepo. Siku ya kwanza alichinja jogoo. Kipande cha firigisi, ambacho kwetu hupewa mwanamume anayeheshimiwa, alikiweka kwenye sahani yangu. Nikasema, "Mayi, si hii ni ya Wanyonyi?" Akasema, "Huyu nitampa siku zote. Wewe ni mgeni wangu. Ni wangapi hapa wameshaletewa mgeni na mtoto wao?" Wanyonyi alicheka, akanisukumia na paja pia.

Siku ya tatu, mchana, nilikuwa nyuma ya jiko nikiosha miguu. Kuta za jiko zilikuwa za mabua ya mahindi tu. Nikamsikia Wanyonyi anasema, "Mwisho wa mwaka wataniuliza ukoo. Lazima wataniuliza."

"Si useme wa mjomba wako. Sema yeye ndiye baba."

"Huo ni uongo, mama."

"Sasa utasema nini? Utasema mama yangu alikuwa anapikia watu kambini, reli ilipokuwa inajengwa? Unajua wanawake wa kambi waliitwaje. Mimi nilipika tu, Mungu anajua, nilipika. Na huyo mmoja aliniambia atanioa. Halafu reli ikaenda mbele, na yeye akaenda nayo. Hata jina alilonipa sijui kama lilikuwa lake."

Nilisikia kijiko kikikwangua sufuria. Nami badala ya kukohoa au kuondoka, nilisimama pale na mguu mmoja ndani ya beseni, nikasikiliza mpaka mwisho. Nasema haya kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikukusudia kusikia. Nilikusudia. Hata hivyo siku ile nilimhurumia kwa kweli, na tulipokuwa tunarudi Bungoma nilimbebea mfuko wake wa mahindi mabichi karibu nusu ya njia.

Kilichonigeuza kilikuwa kitu kidogo. Mwaka ule misheni ilikuwa imeamua kwamba mmoja wetu, mmoja tu, atapelekwa chuo cha wachungaji, na baraza la wazee wa kanisa ndilo litakalochagua. Kila mtu alijua ni mimi au Wanyonyi. Siku moja Mwalimu alinituma kwake kuchukua chaki. Nilipofika mlangoni nikakuta yeye mwenyewe amenitangulia kwa njia ya nyuma, anazungumza na Mama Rute. Alikuwa anasema, "Daudi ni kijana mzuri. Anajua kusema mbele ya watu. Lakini mwenye kichwa ni Wanyonyi. Ningekuwa na mtoto wa kiume ningetaka awe kama yule." Mama Rute akasema, "Basi huyo ndiye mumpeleke." Wiki ile ile Mwalimu alimpa Wanyonyi ufunguo wa sanduku. Nilikuwa nikipita dirishani pao jioni nikiwaona wameinamia kitabu kimoja, vichwa vinakaribia kugusana, na mara wanacheka pamoja. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyeninyima kitu. Nilianza tu kumchukia rafiki yangu, taratibu, huku tukila sahani moja.

Baraza lilikaa mwezi wa kumi na moja, asubuhi, ndani ya kanisa. Wazee saba kwenye viti mbele, Mwalimu pembeni, sisi kwenye benchi. Kila mmoja alitaja jina, ukoo na baba yake, kisha akaeleza sehemu ya Maandiko aliyoichagua, na wenzake waliruhusiwa kumuuliza. Wanyonyi alipoulizwa ukoo alitaja wa mjomba wake, haraka, ameinamisha macho. Kisha akamweleza Melkizedeki, na hapo macho yakainuka. Sijasikia mahubiri kama yale tena, na mimi mwenyewe nimehubiri kwa zaidi ya miaka arobaini. Alieleza jinsi kila kundi lilivyomvisha mtu yule nguo zake, na jinsi Mungu alivyomtumia kumbariki Ibrahimu bila kumuuliza ametoka wapi. Mzee Barasa, mwenyekiti wa baraza, alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha. Aliuliza, "Kuna mwenye swali?"

Nikasimama. Nilikuwa nimeliandaa siku tatu. Nikasema kwa upole, kama mwanafunzi mwenye kiu ya kujua, "Ndugu Wanyonyi ametueleza vizuri. Lakini ameacha jambo moja. Mwalimu alitufundisha kuna waliosema baba yake hakujulikana kwa sababu mama yake alikuwa mwanamke wa kambini. Ndugu yangu anaonaje hilo?"

Mwalimu aligeuka. Yeye alisema kahaba. Neno kambi halikuwamo katika kitabu chochote cha sanduku lile. Nilijua pia kwamba Mzee Barasa katika ujana wake alikuwa nyapara wa reli.

"Kambi gani?" Mzee Barasa aliuliza.

"Ni mfano tu, mzee," nikasema, nikaketi.

Mzee alijisogeza mbele kitini. Kisha akamgeukia Wanyonyi. "Kijana, wewe umezaliwa mwaka gani? Reli ilikuwa imefika wapi?" Wanyonyi alikuwa ananitazama mimi. Hakukunja uso. Alinitazama kama mtu aliyeona jambo mbali na bado hana hakika ni nini. Mzee akauliza tena, "Jina la baba yako ulilotupa, ni la baba yako kweli?"

"Nimeshasema, mzee," Wanyonyi alisema.

"Basi tutahakikisha. Mtu atakayefungisha ndoa za watoto wetu lazima tujue ni wa nani."

Wazee wawili walipanda lori siku ile ile kwenda Kitale, hata Wanyonyi asipate nafasi ya kumtumia mama yake neno. Walirudi baada ya siku nne. Baraza liliamua kwamba alizaliwa nje ya ndoa, na zaidi ya hayo amedanganya ndani ya kanisa. Likanichagua mimi, kwa kauli moja.

Mwalimu aliniita kwake jioni. Alikuwa ameketi kando ya sanduku, ufunguo umerudi shingoni. "Lile swali ulilipata wapi?" aliniuliza.

"Nililifikiria tu, Mwalimu."

"Ulilifikiria." Alikaa akizungusha uzi wa miwani yake. "Niliwafundisha habari ile mjue watu hufanya nini wakiogopa. Sikujua kwamba nakufundisha namna ya kufanya." Akaniambia niende, na kwa siku zilizobaki alinifundisha vizuri, kwa heshima zote, bila kunitazama usoni hata mara moja. Wanyonyi alifunga mizigo yake asubuhi. Nilijifanya nina kazi ya kufagia uwanja, nikafagia mahali pamoja mpaka vumbi likaisha. Aliponikaribia alinipa daftari lake la masomo. "Utalihitaji huko," alisema. "Mwandiko wako wewe mwenyewe huwezi kuusoma." Tulikuwa tukitaniana hivyo zamani. Nikalipokea. Kumwambia asante sikuweza, na kumwomba msamaha sikujaribu.

Kabla sijaenda chuoni misheni ilinituma kuhubiri kwa Wakristo wa mashambani Kitale, na baada ya ibada Nekesa alinishika mkono akanivuta mpaka nyumbani kwake. Nilitafuta udhuru, nikaukosa. Ilikuwa saa kumi ya jioni. Wanyonyi alikuwa mlangoni, amevaa nguo za shamba. Alinisalimia, akaninawisha mikono mwenyewe, tukaketi. Mama alileta ugali na mboga za saga, yale majani machungu, zilizolala kwenye maziwa, akaketi karibu nasi, asile.

"Mwanangu," aliniambia, "nimekuita nikuombe msamaha."

Nikauliza msamaha wa nini.

"Nyinyi mlikuwa muende wawili huko mbele. Mimi nimemharibia mwenzako. Wale wazee walikuja, wakaingia hapa wamevua kofia, wakaniita mama. Tangu mapumziko yale huyu alishakubali la mjomba, akanifundisha la kusema. Nilikuwa nimelishika. Lakini mtu mzima amevua kofia nyumbani kwako, utamdanganyaje? Nikawaambia ukweli wote. Ningenyamaza, leo angekuwa na barua ya chuo kama wewe." Hakujua kwamba nafasi ilikuwa moja tu.

"Mama, nimekwambia si wewe," Wanyonyi alisema.

"Kila siku unasema si mimi. Ni nani basi? Ni nani mwingine aliyewaambia?"

Wanyonyi aliinua macho akanitazama, na safari hii alijua anachokitazama. Hakunitisha. Alinisubiri. Angeweza kusema neno moja tu, jina langu, na mama yake angepumzika. Hakulisema, kwa sababu, kama ninavyoona sasa, alitaka nilitoe mimi, alitaka kunirudishia nafasi. Nekesa naye alinigeukia, maana mimi ndiye niliyekuwa naenda kusomea mambo ya Mungu. "Niambie wewe, mwanangu," alisema. "Ni nani?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Nilisema, "Ni mapenzi ya Mungu, mayi."

Aliinamisha kichwa, akaitika amina. Alikufa mwaka wa pili wa masomo yangu, akiamini kwamba ndiye aliyemharibia mwanawe. Siku ile mimi nilimaliza chakula, kwa kuwa alikuwa akinitazama nile. Wanyonyi alichukua ndoo akatoka kwenda kukamua, na nilipoaga hakuwa amerudi.